Natenga dola 200 kila mwezi za kusaidia watu. Nizipeleke wapi wakati misaada imekatwa na AI inatisha?

#1 DadaWaHouston
Habari za wakati huu wakuu. Niko Texas mwaka wa tisa sasa, nahudumia wazee kwenye nyumba yao, shifti ya usiku. Nikishatoa kodi ya nyumba, hela ya mama na ada za wadogo zangu, kuna dola 200 nimejiwekea kila mwezi ambazo sio za ukoo, ni za mtu yeyote mwenye shida, nazihesabu kama fungu la kumi japo hazifiki kumi. Miaka yote nilikuwa natoa tu, nikiona mtoto mgonjwa kwenye simu natuma, kanisani wakisema kisima natoa, siulizi.

Tangu Januari 2025 nimekosa amani. Trump kaapishwa tarehe 20 na siku hiyohiyo akasaini misaada ya nje isimame siku 90, Machi waziri wake Rubio akatangaza asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, imefutwa, Julai mosi USAID ikafungwa kabisa na kilichobaki kikaingizwa wizara ya mambo ya nje. Mama yangu mdogo yuko Nzega, yuko kwenye dawa, alikuwa anapewa za miezi sita kwa mkupuo, ghafla akaambiwa aje kila mwezi. Ndo nikaanza kujiuliza, hizi 200 zangu zinafanya nini wakati kalamu moja inafuta mabilioni?

Alafu kuna mzee namhudumia hapa, alikuwa mwalimu wa hesabu chuo kikuu. Mjukuu wake akija kumuona ananiambia dada, vyandarua na visima vina watu wengi, wewe peleka kwa wanaohangaika AI isije ikatuangamiza, huko watu ni wachache na hatari ni kubwa. Sikumpuuza, kijana ana huruma ya kweli na yeye mwenyewe anatoa sehemu ya kumi ya mshahara wake.

Sasa nyie mnasemaje, vyandarua, hela mkononi kwa maskini, wanaopigania sheria na siasa, watu wa AI, au nirudi tu kijijini kwetu? Naomba hoja, matusi yabaki majukwaa mengine.

#2 Ngoja_Waje
Siti ya mbele hapa. Mada nzito hii.

#3 Mhasibu_Kigamboni
Dada hongera kwanza kwa moyo huo. Mimi kazi yangu ni namba kwahiyo nitaongea namba. Kuna watu wanaitwa GiveWell, wako hukohuko Marekani tangu 2007, kazi yao ni kuchambua mashirika na kuuliza dola moja imefanya nini hasa. Kwenye orodha yao ya juu kwa miaka mingi kuna Against Malaria Foundation, wananunua vyandarua vyenye dawa, kimoja dola mbili na ushee hivi, na vingi vinaenda Congo na Uganda. Kuna Malaria Consortium wanaowapa watoto dawa za kinga msimu wa mvua, kuna shirika la Helen Keller na matone ya vitamini A, kuna New Incentives kule Nigeria wanampa mama hela kidogo akileta mtoto chanjo.

Usidanganyike lakini na wanaosema dola tano inaokoa maisha. Makadirio ya GiveWell ni dola elfu kadhaa kwa mtoto mmoja asiyekufa, maana watoto wengi wangepona hata bila hicho chandarua. Wewe kwa mwaka una 2,400. Ina maana kila baada ya miaka miwili mitatu kuna mtoto mahali anaishi kwa sababu ya shifti zako za usiku, na hutamjua jina. Mimi sijaona hoja ya kupita hiyo. Na vyandarua hata sisi tunavitengeneza, kiwanda cha A to Z pale Arusha wameshona vya aina ya Olyset miaka mingi.

#4 Mwana_Ukerewe
Mhasibu shuka kwetu kisiwani uone hivyo vyandarua. Asubuhi ukipita ufukweni vimetandikwa chini dagaa wanaanikwa juu yake, vingine vimezungushiwa bustani ya mchicha. Watu wanaleta msaada kwa takwimu za Ulaya huku chini maisha ni mengine. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

#5 Nesi_Bunda
@Mwana_Ukerewe hapo naomba nikurekebishe taratibu, maana hii picha ya dagaa imezunguka sana na inawaumiza wenye shida. Mimi nimefanya kampeni za kugawa vyandarua nyumba kwa nyumba. Siku moja nikaona kwa mama mmoja chandarua kimefunga banda la kuku, nikakasirika, nikaomba kuingia ndani. Kitandani kuna kipya, kimechomekwa vizuri chini ya godoro, watoto watatu wanalala hapo. Kile cha kuku kilikuwa cha miaka minne nyuma, kimechanika ubavuni unapitisha kichwa, dawa yote imeisha kwa kufuliwa. Chandarua kwa kawaida kinahesabiwa miaka mitatu. Sasa ulitaka akitupe? Mwanamke wa kijijini hatupi kitu.

Wapo wanaovulia vipya, sikatai. Ila shida kubwa ninayoiona mimi ni mbu kuzoea dawa ya zamani. Ndo maana ule utafiti uliofanyika Misungwi 2019 hadi 2021 ulinipa moyo, vyandarua vyenye dawa mbili, ile mpya inaitwa klofenapiri, vilipunguza malaria kwa watoto asilimia 44 kuliko vya kawaida. Imefanyika hapahapa Mwanza na watafiti wetu wa NIMR na KCMC wakiwemo, sio takwimu za Ulaya.

#6 Mwana_Ukerewe
Sawa nesi, la banda la kuku nimekuelewa. Dagaa bado nawaona kwa macho yangu.

#7 Jakom_Siaya
Mimi ni Mkenya, natoka Siaya, na hii maneno nimeishi ndani yake. GiveDirectly walianzia huku kwetu, wanatuma pesa kwa M-Pesa bila masharti, karibu dola 1,000 kwa nyumba kwa zile za mkupuo. Wasomi wakiwemo Edward Miguel walifuatilia vijiji 653, nyumba zaidi ya 10,000 zilipata, wakakuta kila dola iliyoingia ilizungusha uchumi wa hapo kama dola mbili na nusu, na bei za vitu karibu hazikupanda. Juzi 2025 ikatoka ingine inasema vifo vya watoto wachanga kwa nyumba zilizopata vilishuka karibu nusu, na sababu kubwa ni mama mjamzito kupata nafasi ya kupumzika kazi ya shamba na kuweza kufika hospitali kujifungua.

Sasa ya kwangu mwenyewe. Auntie yangu alipata. Nyumba ilikuwa ya nyasi, kila Aprili tukisikia radi tunasukuma magunia ya mahindi pembeni tunaweka sufuria chini ya matundu. Alinunua mabati, mbuzi wawili, na choo. Hakuna mzungu alimwambia afanye nini. Lakini pia nisiwafiche, jirani yake hakupata na wale wawili hawakusalimiana mwaka mzima. Na kule Homa Bay wengi walikataa kabisa, karibu nusu ya waliopewa ofa, wakasema ni pesa za shetani, utaamka ukute nyoka chini ya kitanda. Kwa hivyo heshima ya mtu kujiamulia ni kitu kikubwa lakini pesa pia inaingia kijiji ikiwa na kelele zake.

#8 Ngoja_Waje
Jakom hao mbuzi bado wapo?

#9 Jakom_Siaya
Walizaa wakafika saba. Mmoja alichinjwa kwa harusi yangu hahaha.

#10 MtuWaBukavu
Salamu ndugu zangu. Jakom amesema vizuri lakini muongeze na ya kwetu. Hapa Kivu Kusini, Congo, hao hao GiveDirectly waliibiwa karibu dola 900,000 mwaka 2022, na wenye waliiba ni watu wa ndani, wafanyakazi wao, walichezea laini za simu za watu wenye walipaswa kupata. Familia zilikuwa zinangoja meseji ya franga, meseji haifiki, na kwenye karatasi inaonekana wamelipwa. Kwetu huku vita ni siku zote, kufikia kijiji ni taabu, na hapo ndipo mwizi anapata mlango. Sisemi musitoe. Nasema namba ya Siaya si namba ya Bukavu.

#11 Mhasibu_Kigamboni
Kweli kabisa, na kilichonifanya niendelee kuwaheshimu ni kwamba walijitangaza wenyewe 2023, hawakungoja waandishi. Mimi shirika ambalo halijawahi kusema "tulikosea hapa" ndo naliogopa. Ila jua pia GiveWell waliitoa GiveDirectly kwenye orodha ya juu 2022, alafu 2024 wakarudia hesabu wakasema hela taslimu ina faida mara tatu mpaka nne ya walivyodhani mwanzo. Kwahiyo wenye namba nao wanabadilika.

#12 MzeeWaDodoma
Vijana mnahesabu visoda huku kreti limebebwa. PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa UKIMWI, ilianzishwa 2003 na Bush. Mpango wa Rais wa Marekani wa Malaria, 2005, Bush huyohuyo, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi tatu za kwanza pamoja na Uganda na Angola. Watu mamilioni wako hai. Ilikuwa siasa, wala haikuwa sadaka ya mtu. Na siasa ndo iliyokuja kukata. Hata hao wa vyandarua wa Mhasibu, wao wananunua chandarua chenyewe, lakini kukisafirisha mpaka kitandani mara nyingi analipa Global Fund, ule mfuko wa dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, au serikali. Ikikatwa huko juu vyandarua vinakaa bandarini. Kwahiyo dada, mwenye akili anatoa kwa wanaosukuma bunge la Marekani lirudishe hizo fedha.

#13 DadaWaHouston
Shikamoo mzee. Nimelifikiria hilo. Mimi nina grini kadi, kisheria mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia mgombea huku, wenzangu wenye viza tu hawaruhusiwi kabisa na wasijaribu. Lakini uchaguzi wa huku unakula mabilioni ya dola mzee, 200 yangu ni kumwaga ndoo ziwani.

#14 MzeeWaDodoma
Marahaba. Sikusema mgombea. Kuna mashirika yanayokaa na wabunge kuwaeleza faida ya ARV, hayo hayahitaji mabilioni. Na mbunge wa huko anamsikiliza nesi wa jimbo lake kuliko profesa wa mbali. Barua yako inaweza kuzidi hela yako.

#15 Kijana_wa_Umoja
Niaje wasee. Naona AI imewekwa kando kama kitu cha wazungu, acha niwaambie. Agosti 2023 nilikuwa kwa ile foleni ya KICC hapa Nairobi, ya Worldcoin, sarafu ya mtandaoni ya Sam Altman, unaangalia kwa mpira fulani wa chuma unang'aa, inapiga picha jicho lako, unapewa tokeni ukiuza unapata kama thao saba. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikakuta watu wamelala hapo. Mbele yangu mama alikuwa na mtoto mgongoni, anauliza kila mtu kama mtoto pia anaweza pigwa picha apate yake. Hakuna mtu alikuwa anauliza jicho linaenda wapi. Rent ilikuwa imefika, hata mimi sikuuliza.

Serikali ikasimamisha. Na nani alienda korti? Katiba Institute, shirika la hapa Nairobi, na wenzao. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua ile data ilichukuliwa kinyume cha sheria, ifutwe ndani ya siku saba. Kesi moja, na ikagusa macho ya watu laki kadhaa. Pia wale wasee wa kusafisha maudhui ya Facebook na kuweka alama data ya ChatGPT hapa Nairobi, chini ya dola mbili kwa saa, wanasoma mambo ya ubakaji na mauaji mchana kutwa, wanarudi nyumbani hawawezi kula, ni mawakili wa hapa hapa Nairobi walisimama nao. Dada kama unataka siasa na teknolojia pamoja, hapo ndipo. Na dola 200 kwa shirika la hapa inalipa vitu vinaonekana.

#16 Fundi_Msimbo_Mwanza
Kijana umeongea vitu vizito ila naomba tusichanganye mambo mawili. Yale ya KICC ni madhara ya leo. Mjukuu wa yule mzee anaongelea kitu kingine, kwamba mashine zitafika mahali zinatushinda akili na hakuna anayejua kuzizuia. Sio hadithi za vijiweni. Mei 2023 wanasayansi wenyewe walitoa tamko la sentensi moja kwamba hatari ya AI kuangamiza binadamu ichukuliwe kwa uzito kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia, akasaini Geoffrey Hinton, akasaini Yoshua Bengio, akasaini hata Altman anayeitengeneza. Hinton aliacha kazi Google mwaka huohuo ili aongee kwa uhuru, na baadae akapewa Nobeli ya kompyuta.

Shida ninayoikubali ni kipimo. Chandarua unahesabu. Mtafiti wa akili mnemba ukimlipa mwaka mzima utajuaje ameokoa nini?

#17 Nesi_Bunda
Nobeli ya kompyuta haipo kaka, alipewa ya fizikia, 2024.

#18 Fundi_Msimbo_Mwanza
Asante nesi, ni fizikia kweli.

#19 Ngoja_Waje
Akili mnemba au akili unde? Mimi nimefundishwa unde.

#20 Bint_Mvita
Iteni mnavyotaka, mie ilinifika mlangoni. Ramadhani iliyopita kwenye grupu letu la akina mama Mombasa ikaja picha ya mtoto amelazwa, kichwa kimevimba, mpira puani, na sauti ya mamake analia kwa Kiswahili safi. Nikakusanya kwa wenzangu, nikaingiza namba nitume, jina likatokea la mwanamume tofauti na tuliloambiwa. Nikasita. Nikaikuza ile picha. Kalenda ukutani maandishi yake si lugha ya mtu yeyote, herufi zimeyeyuka, na mkono wa yule mtoto vidole sita. Wallahi niliketi chini. Si pesa iliyoniuma, ni kwamba tangu siku hiyo nikiona mtoto mgonjwa wa kweli moyo wangu huanza kwa shaka.

Kwa hivyo dada yangu usitume tena kwa picha. Piga simu wadi, uliza jina la daktari, lipa bili kwa hospitali yenyewe. Na sisi zaka ni asilimia mbili na nusu na wanaostahiki wametajwa makundi manane, halafu sadaka ni juu yako, ukianza na wa karibu una thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Mama yako mdogo ni haki yake kabla ya mtu wa Congo usiyemjua.

#21 Mhasibu_Kigamboni
Hapo Bint ndo tunapoachana kwa heshima. Mtoto wa Congo kosa lake ni kutozaliwa na shangazi Houston? Ukaribu unawapa wenye ndugu nje, wasio na ndugu nje wanakufa kimya.

#22 Bint_Mvita
Sikusema aachwe. Nimesema nani aanze.

#23 Kibo_Juu
Na hao wa kuhesabu mema kwa kikokotoo tusiwasahau kina Sam Bankman-Fried. Alikuwa nyota yao, anatoa kwa AI, kwa magonjwa ya mlipuko, kwa wanasiasa, kumbe ni hela za wateja wa FTX, soko lake la sarafu za mtandaoni. Ikaanguka Novemba 2022, Machi 2024 akapigwa miaka 25. Mtu anayekwambia lengo ni kubwa mno kiasi kwamba njia haijalishi, mkimbie.

#24 Jakom_Siaya
Kibo huyo mwizi ni mwizi, usiwape mzigo wake watu wa vyandarua. Na hata bila wizi ubishi upo. Dawa za minyoo kule Busia, Miguel na Kremer walipima shule 75 mwishoni mwa miaka ya 90, dunia nzima ikafurahi, 2015 wengine wakarudia hesabu wakabishana vibaya sana, Kremer akapata Nobeli 2019, na GiveWell wakatoa minyoo kwenye orodha ya juu 2022. Mimi nilimeza hizo tembe shule ya msingi. Zilinisaidia? Nilipofika sekondari niliacha kuumwa tumbo, hiyo tu ndio najua.

#25 DadaWaHouston
Nimerudi wakuu, nilikuwa kazini. Nimesoma zote mara mbili.

Jana nikampigia mama mdogo, badala ya kumuuliza anahitaji nini nikamuuliza dawa zipo? Akasema dawa zipo mwanangu, kinachotuua ni nauli. Bodaboda kwenda na kurudi kliniki ni 8,000. Zamani ilikuwa mara mbili kwa mwaka, sasa kila mwezi. Kwenye kundi lao watatu wameacha kuja. Yeye anawajua, anaweka alama kwenye daftari la mjukuu wake, herufi moja moja tu, hataki kuandika majina maana nyumba ina watu. Akanisomea, M, S, na mwingine S.

Nimeamua kwa miezi sita hivi, 100 vyandarua, 50 nauli za hao watu kupitia mama mdogo, 50 kwa hao mawakili wa Nairobi. Na barua ya mzee wa Dodoma nimeshaanza kuiandika. AI ya kuangamiza dunia bado sijaielewa vya kutosha kuitolea.

#26 Mhasibu_Kigamboni
Umegawanya sana dada. Hesabu inasema palipo bora weka zote.

#27 Nesi_Bunda
Mhasibu, mgonjwa akiacha ARV virusi vinapanda, anaanza kuambukiza, akirudi kituoni amekonda nusu. 8,000 ni dola tatu na kitu. Nitafutie kitu cha dola tatu kinachozidi hicho.

#28 Mhasibu_Kigamboni
Kama ni hao watatu tu sina. Kama ni nchi nzima, nani atabeba daftari?

#29 MzeeWaDodoma
Serikali ndo ibebe daftari. Muulizeni diwani na mbunge wa huko mbona hakuna kliniki ya mkoba.

#30 Fundi_Msimbo_Mwanza
Dada, na mjukuu wa yule mzee utamjibu nini?

#31 DadaWaHouston
Anakuja Jumapili. Nimempa ule utafiti wa Misungwi asome, na yeye kaniachia karatasi zake za AI, kurasa arobaini. Nazisoma saa nane usiku wazee wakishalala. Nimefika ukurasa wa kumi na mbili.